Kutoka "Geuka" hadi "Wageuke": Historia Fupi ya Kuamrisha Makundi ya Wahusika katika Michezo ya Video, Ikitazamwa kutoka Kamembe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna makundi ya wahusika wasiochezwa na mtu yalivyoamrishwa katika michezo ya video kuanzia mwaka 1978 hadi miaka ya 2000, na kuisoma historia hiyo kwa msaada wa sarufi ya amri katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba hatua nne za historia hiyo zinalingana na maumbo manne ya kitenzi ambayo Kiswahili hukitofautisha kila kimoja bila shida: amri ya umoja (geuka), amri ya wingi (geukeni), kauli ya kutendana (fuatana) na dhamira tegemezi (wageuke). Mifano ya lugha imetolewa katika amri za gwaride, katika mchezo wa bao na igisoro, na katika usemi wa kawaida wa wachezaji wa kandanda ya video. Makala yanapendekeza kwamba uundaji wa istilahi za uwanja huu uanzie kwenye maumbo hayo, kwa kuwa yanabainisha jambo ambalo istilahi za kukopa huliacha gizani: nani ameamua, na nani ametii.

1. Utangulizi

Kamembe, mji wa Wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, uko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mahali ambapo Mto Rusizi unaliacha ziwa na kuanza safari ya kwenda Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa sababu ya ujirani huo, Kiswahili cha Kamembe hakikuisubiri sheria ya mwaka 2017 iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kilikuwa tayari sokoni, mpakani na ziwani.

Hata hivyo, soko halikuwa njia pekee iliyoileta lugha hii. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shangi, kaskazini kidogo mwa Kamembe, na mwaka uliofuata Richard Kandt akafanya makazi yake huko huko. Askari wao walikuja na Kiswahili, na pia na majina ya vyeo yenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, afande. Majina hayo yalipitia jeshi la Misri, kwa Wasudani ambao Hermann von Wissmann aliwaandikisha mwaka 1889. Neno "afande" lingali hai midomoni mwetu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuvuka mpaka kutoka Kongo, na baada ya hapo utawala ukabadilika. Jeshi la Kongo lilikuja kujulikana kwa Kilingala, ilhali upande wa makoloni ya Waingereza kikosi cha King's African Rifles kilikuza aina yake ya Kiswahili, iliyoitwa KiKAR. Mkazi wa eneo hili kwa hiyo amekijua Kiswahili kwa sura mbili: lugha ya kupatana bei na lugha ya kupewa amri.

Sura hiyo ya pili imekigharimu Kiswahili heshima katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu, na wanahistoria wa lugha, akiwamo Johannes Fabian katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu Kiswahili cha Kongo ya Wabelgiji, wameonyesha jinsi lugha ilivyofungamana na mamlaka. Makala haya yanauliza swali lililo karibu na hilo: je, lugha iliyobebwa kama chombo cha kuamrisha inaweza kuwa chombo cha kueleza uamrishaji wenyewe? Uwanja uliochaguliwa kulijaribia swali hili ni michezo ya video, kwa sababu ndani yake kuamrisha makundi ni kazi inayopaswa kuelezwa kwa ukamilifu, hatua kwa hatua. Mashine haielewi lolote lililoachwa bila kusemwa.

2. Dhana na mipaka yake

Mhusika asiyechezwa ni yule anayeonekana katika mchezo lakini uamuzi wake haufanywi na mchezaji. Dhana hii imetoka kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, iliyoenea baada ya Dungeons & Dragons kuchapishwa mwaka 1974. Humo mwongoza mchezo ndiye aliyewasemea na kuwaamulia wahusika wote wasio na mchezaji. Katika mchezo wa video nafasi ya mwongoza mchezo imeshikwa na programu.

Kuna aina ya pili, ambayo wakati mwingine husahauliwa: wahusika wanaopokea amri kutoka kwa mchezaji lakini wanaitekeleza kwa akili ya programu. Mpiga mishale anayetumwa na mchezaji aende mlimani hachezwi kwa maana kamili. Ametumwa tu, na njia ya kufikia huko anajitafutia mwenyewe. Makala haya yanazihusisha aina zote mbili, kwa kuwa historia zake zilikwenda pamoja.

Upande wa lugha, maumbo manne yanatuhusu. La kwanza ni amri ya umoja, "geuka", inayomlenga msikilizaji mmoja. La pili ni amri ya wingi, "geukeni", ambayo kiambishi -ni huwatambua wasikilizaji kuwa ni wengi. La tatu ni kauli ya kutendana, yenye -an-, kama katika "fuatana" na "epukana", ambapo watendaji wanatendeana wao kwa wao. La nne ni dhamira tegemezi yenye -e tamati, "wageuke", inayotaja tendo linalotakiwa huku mtendaji akiwa nafsi ya tatu: anayetaka yuko hapa, anayetenda yuko kule, na kati yao kuna nafasi. Mpaka kati ya maumbo haya hauko mahali pamoja katika lahaja zote. Ng'ambo ya Rusizi mtu husema "mukuje" pale ambapo Kiswahili sanifu kina "njooni", yaani umbo la dhamira tegemezi limechukua kazi ya amri. Hilo halivunji hoja. Linaonyesha tu kwamba wasemaji wenyewe hulichagua umbo kulingana na uzito wa amri wanaotaka kuutia.

3. Kabla ya mashine: igisoro na gwaride

Kuendesha kundi katika mchezo ni jambo la kale kuliko umeme. Igisoro ya Wanyarwanda, ambayo kuicheza huitwa kubuguza, ni ndugu wa omweso wa Waganda na bao la Waswahili. Ubao una safu 4 za mashimo 8, na kete ni 64. Tofauti na sataranji, ambamo farasi ni farasi na mfalme ni mfalme, kete ya igisoro haina cheo wala haina upande wa kudumu. Ikitekwa inahamia kwa aliyeiteka na kusambazwa tena. Mchezaji haiamrishi kete yoyote. Anachagua shimo moja la kuanzia, na kuanzia hapo kanuni ndiyo inayoendesha mwendo: konzi la kete linasambazwa, likifika penye kete nyingine linachotwa na kuendelea, mpaka kete ya mwisho ilale katika shimo tupu. Uamuzi mmoja unaweza kuzaa mizunguko mingi. Ubingwa ni kuyaona mapema matokeo ya kanuni ambayo hutaweza tena kuiingilia baada ya kuanza.

Kwa mtazamo wa sarufi, kete ni vitu. Ziko katika ngeli ya I-ZI na upatanisho wake ni wa ngeli hiyo: zinasambazwa, zinatekwa, zinalala. Hakuna anayezinenea kwa amri. Hii ndiyo hatua ya sifuri katika historia yetu: kundi linaloendeshwa bila kuambiwa neno.

Gwaride ni kinyume chake, kwani lote ni maneno. Lakini maneno yake yana mambo mawili ambayo mzungumzaji wa kawaida huyapita bila kuyaona. Kwanza, kundi zima huamrishwa kwa umbo la umoja. Mwalimu akiingia darasani huwaambia wanafunzi "kaeni", na mwenyeji huwaambia wageni "karibuni", kamanda mbele ya watu mia husema "Nyuma, geuka!" na "Mbele, tembea!", bila -ni. Hata upatanisho unathibitisha jambo hilo: gwaride "linatoa heshima", halafu gwaride "linatembea". Watu mia wamekuwa nomino moja ya ngeli ya LI-YA.

Pili, mpangilio wa maneno umegeuzwa. Katika usemi wa kawaida tunasema "geuka nyuma", kitenzi kikitangulia. Gwarideni mwelekeo hutangulia, kisha kimya kifupi, ndipo kitenzi. Mpangilio huu ulifuata desturi ya gwaride la Waingereza, lakini sababu yake ni ya kiutendaji: kila mmoja lazima ajue upande kabla ya kusikia neno la kutenda, la sivyo wengine watageuka mapema na wengine watachelewa. Anayeandika programu hutenda vivyo hivyo. Huweka kwanza thamani za mwendo, upande na kasi, kisha ndipo huita tendo lenyewe. Sarufi ya gwaride ilikuwa imekwisha kutatua tatizo ambalo mashine ingelikuta baadaye.

4. Geuka: kundi kama mwili mmoja

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Wavamizi 55, katika safu 5 za wavamizi 11, hutembea kwa pamoja kwenda upande mmoja wa kioo. Mmoja tu akigusa ukingo, wote hushuka hatua moja na kugeuka. Hakuna anayesalia nyuma, hakuna anayetafuta njia yake. Hili ni gwaride kamili, na amri yake ni "geuka" isiyo na -ni.

Mwendo wa gwaride hilo una kisa kinachostahili kutajwa. Kompyuta ya wakati ule haikuwa na nguvu ya kuwasogeza wavamizi wote kwa mara moja; iliwasogeza mmoja baada ya mwingine. Walipopungua kwa kupigwa, mzunguko wa kuwapitia wote ukawa mfupi, na waliobaki wakaenda kwa kasi zaidi. Nishikado aliiacha hali hiyo iwe sehemu ya mchezo. Hivyo mchezaji alihisi kwamba kundi linatiwa hofu na hasira kadiri linavyopungua, ilhali ndani ya mashine hapakuwa na hofu wala hasira, palikuwa na orodha iliyofupishwa. Tutalikuta jambo hili tena: kundi huonekana kuwa na nia kubwa kuliko iliyomo katika kanuni zake.

5. Geukeni: kundi kama watu wengi

Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, Namco ilitoa Pac-Man, kazi ya Toru Iwatani. Maadui walikuwa vizuka wanne tu, lakini kila mmoja alikuwa na kanuni yake. Mwekundu humlenga mchezaji moja kwa moja. Wa waridi hulenga miraba 4 mbele ya uso wa mchezaji, kana kwamba anataka kumkata njia. Wa samawati hupima nafasi ya mchezaji pamoja na ya yule mwekundu ndipo achague pa kwenda. Wa machungwa humkimbilia mchezaji akiwa mbali, lakini akikaribia hugeuka na kurudi kwenye kona yake. Mtu akiwatazama anaona njama ya kumzingira, ingawa hakuna kizuka anayezungumza na mwenzake.

Juu ya kanuni hizo za kila mmoja kuna amri mbili za wote, zinazopokezana kwa saa: fukuzeni na tawanyikeni. Ikija ya pili, kila kizuka huelekea kona yake mwenyewe. Hapa -ni imeingia. Amri ni moja, wanaotii ni wengi, na utii wa kila mmoja una sura yake. "Tawanyika" kwa umoja isingewezekana hata kisarufi, maana mtu mmoja hatawanyiki.

Upande wa amri zinazotolewa na mchezaji, safari kutoka umoja hadi wingi ilikuwa ndefu zaidi, na inaweza kuhesabiwa. Dune II ya Westwood Studios (1992), iliyoweka msingi wa michezo ya mikakati ya papo kwa papo, ilimruhusu mchezaji kumchagua askari au gari moja kwa wakati mmoja. Aliyetaka kupeleka vifaru kumi alirudia amri mara kumi. Warcraft: Orcs & Humans ya Blizzard (1994) iliruhusu wanne. Command & Conquer (1995) ilimpa mchezaji uwezo wa kuchora mraba kwa kipanya na kuwachagua wote waliomo. Warcraft II ya mwaka huo huo iliishia kwa 9, na StarCraft (1998) kwa 12. Age of Empires II (1999) ilipanua kundi hadi 40 na kuongeza mipangilio ya kivita: safu, mraba, na kutawanyika. StarCraft II (2010) iliuondoa ukomo huo kiasi kwamba mchezaji hauhisi tena.

Kila namba kati ya hizi ilikuwa jibu kwa swali: je, mchezaji anaongoza jeshi au anaongoza mtu mmoja mmoja kwa haraka sana? Wengine waliona kwamba ukomo mdogo unalinda ustadi wa mkono, wengine waliona unamchosha mtu bure. Nyuma ya swali hilo kulikuwa na tatizo la kiufundi. Mbinu ya kutafuta njia fupi iliyozoeleka, inayojulikana kwa alama A*, ilichapishwa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, na iliundwa kwa ajili ya msafiri mmoja. Wakipewa askari 40, kila mmoja huikuta njia iliyo bora kwake, kisha wote hukutana penye upenyo mwembamba na kukwama. Anayevuka kwenda Bukavu asubuhi anaifahamu hali hii vizuri. Kila mtu ameichagua njia fupi, na njia fupi zote zinapita darajani.

Suluhisho mojawapo, lililotumika katika Supreme Commander 2 (2010), ni kuacha kumhesabia njia kila mmoja. Badala yake programu huipaka ardhi yote mielekeo, kila mraba ukionyesha upande wa kwenda, na yeyote anayeukanyaga hufuata. Amri imeondolewa sikioni mwa askari ikawekwa chini ya miguu yake. Watu wa Tanzania wana neno linalolikaribia jambo hili: halaiki, yaani watoto wengi wanaochora maumbo uwanjani siku ya sherehe ya taifa, kila mmoja akijua alama yake ya kusimama bila kuliona umbo zima.

6. Fuatana: kundi lisilo na kamanda

Mwaka 1987 Craig Reynolds alichapisha njia ya kuigiza kundi la ndege kwa kompyuta. Viumbe wake, aliowaita boids, hawakuwa na kiongozi wala njia iliyopangwa. Kila mmoja aliwatazama jirani zake wa karibu tu na kufuata kanuni tatu: asiwagonge, aelekee wanakoelekea, na asiachane nao. Kutokana na kanuni hizo kundi lilipinda, likagawanyika penye nguzo na kuungana tena upande wa pili, kama ndege halisi. Mwaka 1992 mbinu hiyo ilitumika kuendesha makundi ya popo katika filamu ya Batman Returns, na tangu hapo imekuwa sehemu ya kawaida ya michezo yenye samaki, ndege, wanyama na umati wa watu.

Lugha nyingi zinahitaji sentensi nzima kwa kila kanuni. Kiswahili kinahitaji neno moja moja: kuepukana, kulingana, kuambatana. Kiambishi -an- kimebeba nadharia yote, kwamba tendo linazunguka ndani ya kundi na halitoki juu. Ndiyo maana katika hatua hii neno "amri" lenyewe halifai. Aliyeandika programu hakuwaamrisha ndege wageuke kulia. Aliweka masharti ya ujirani, na kugeuka kukatokea.

Tofauti hii inaonekana vyema tukiiweka kando ya Grand Theft Auto: San Andreas (2004), mchezo uliopendwa sana na vijana wa Afrika Mashariki. Humo mchezaji anaweza kuwaita wenzake wa genge wamfuate, na idadi ya wanaokubali hutegemea heshima aliyojijengea. Amri zake kwao ni chache sana: nifuateni, ngojeni hapa. Kundi hilo lina kichwa, na kichwa kikiondoka hakuna kundi. Ndege wa Reynolds hawana kichwa cha kuondoa. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ya silabi chache: wanamfuata, wanafuatana.

7. Wageuke: kundi lenye lengo

Hatua ya nne ilionekana wazi katika F.E.A.R., mchezo wa Monolith Productions wa mwaka 2005. Jeff Orkin, aliyeandika sehemu ya akili za maadui, alirejea kwenye mbinu ya kupanga iliyobuniwa mwaka 1971 na Richard Fikes pamoja na Nils Nilsson, yule yule wa njia fupi. Badala ya kuelezwa afanye nini katika kila hali, askari wa mchezo hupewa malengo na orodha ya matendo yanayowezekana, kisha hujipangia mwenyewe mfululizo wa matendo wa kufikia lengo. Mlango ukizuiwa hutafuta dirisha.

Juu yao kuna mratibu wa kikosi, ambaye hutoa maagizo kwa namna ya malengo: wasogee mbele, wajikinge, mmoja awafyatulie risasi wengine wakihama. Lakini agizo hilo linashindana na malengo mengine ya askari mwenyewe. Bomu la mkono likidondoka miguuni pake, kuokoa maisha kunashinda agizo la kikosi. Hii ndiyo tabia kamili ya dhamira tegemezi. "Wageuke" hutaja kinachotakiwa, na huacha uwezekano kwamba kisitendeke.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mtafiti wa lugha ndilo lenye thamani zaidi. Askari wa F.E.A.R. hupiga kelele wanapopigana: humtaja adui alipo, huomba msaada, huambiana wasonge. Mchezaji anasikia amri na anaona utekelezaji, na anahitimisha kwamba la kwanza limesababisha la pili. Kumbe maneno hayo huja baada ya uamuzi. Hakuna askari anayemsikiliza mwenzake. Sauti zimewekwa kwa ajili ya sikio la mchezaji, ili aufahamu uamuzi ambao programu imekwisha kuufanya. Ni amri kwa umbo na taarifa kwa kazi. Pragmatiki yetu, ambayo huligawa tendo la usemi kwa kuangalia msemaji na msemewa, inalazimika kumwongeza msikilizaji wa tatu ambaye ndiye mlengwa wa kweli.

8. Ushahidi wa kibandani

Mchezo unaowakutanisha vijana wengi wa miji yetu, Kamembe ikiwa mmojawapo, si wa vita bali ni kandanda ya PlayStation. Mfululizo wa FIFA ulioanza mwaka 1993, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC, na ule wa Pro Evolution Soccer wa Konami, ndiyo shule kubwa ya kuongoza makundi hapa kwetu. Wachezaji wa timu ni 11. Chini ya vidole yuko mmoja. Kumi waliobaki hawachezwi. Wanapewa mpangilio kabla ya mechi, na wakati wa mechi wanaweza kuombwa wachache tu: huyu akimbie mbele, yule akabe.

Usemi wa hapo hufuata mgawanyo huo. Kwa aliye mkononi mtu husema "piga", "rudi", "toa", nafsi ya pili umoja. Kuhusu wengine husema "mabeki wasipande", "huyu angerudi". Nafsi ya tatu inatokea yenyewe mara tu uamuzi unapokuwa wa mashine. Na goli likifungwa, ubishi huwa juu ya mpaka huo huo: aliyefungwa hudai beki alikuwa wa mashine, mwenzake humjibu kwamba alikuwa na nafasi ya kumshika akachelewa. Bila kutumia istilahi yoyote ya kigeni, wanajadili wajibu.

9. Istilahi na wajibu

Nchini Rwanda mpaka huo una uzito wake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, swali la nani anawajibika kundi linapotii amri liliulizwa mahakamani, kwa jina la kila mshtakiwa. Sheria iliyoanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitamka kwamba kupokea amri ya mkubwa hakumwondolei mtu wajibu wa jinai, ingawa kungeweza kufikiriwa katika kupunguza adhabu. Mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, nazo zilimwita mtu mmoja mmoja mbele ya majirani zake. Makala haya hayalinganishi mchezo na msiba huo. Yanasema tu kwamba jamii iliyolazimika kutenganisha "kundi lilifanya" na "fulani alifanya" ina haki ya kudai istilahi zinazotenganisha mambo hayo, hata pale panapozungumziwa mashine. Haja hiyo haitaishia michezoni. Tangu mwaka 2016 ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini nchini humu, na mbinu zilizoelezwa hapa ndizo zinazochunguzwa duniani kwa ajili ya vyombo vinavyokwenda kwa makundi.

Kwa msingi huo makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, "mhusika asiyechezwa" litumike kama istilahi ya jumla, kwa kuwa linaeleza kinachokosekana, yaani mchezaji, bila kumshusha mhusika kuwa kikaragosi. Pili, majina ya makundi yatofautishwe kwa namna yanavyoamrishwa: gwaride kwa kundi linalotenda kama mwili mmoja, kikosi kwa kundi ambalo kila mmoja hutii kwa namna yake, bumba, kama la nyuki, kwa kundi lisilo na kamanda, na halaiki kwa umati unaoongozwa na ardhi inayoukanyaga. Tatu, neno "amri" libaki kwa kile kinachotamkwa na kutiiwa. Lengo linaloachiwa mtendaji njia liitwe "agizo", na sharti la ujirani liitwe "kanuni". Nne, tafsiri za michezo ziheshimu -ni. Mchezaji akimtuma mmoja, maandishi yaseme "nenda". Akiwatuma kumi, yaseme "nendeni", isipokuwa mtunzi anakusudia gwaride.

Mapendekezo haya yanaepuka njia iliyotuletea kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa kitu kimoja. Kila mmoja wetu anayajua maneno hayo, na kila mmoja anajua kwamba ushindani wao haukuongeza ufahamu wa mashine yenyewe. Istilahi inayotokana na sarufi ambayo mzungumzaji anayo tayari haihitaji kushindana, kwani humkumbusha tofauti anayoifanya kila siku.

10. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa imepita katika gwaride la wavamizi 55, vizuka wanne, vikosi vya 4, 9, 12 na 40, ndege wasio na kiongozi, na askari wanaoweza kuliacha agizo ili waokoe maisha yao. Katika kila hatua uamuzi ulihamishwa: kutoka kwa kundi zima kwenda kwa mmoja mmoja, kutoka kwa mmoja kwenda kati ya majirani, kisha kutoka kwa anayeagiza kwenda kwa anayeagizwa. Kiswahili kina umbo la kitenzi kwa kila mahali ambapo uamuzi umewahi kukaa.

Askari wa Shangi walioileta "geuka" kando ya Ziwa Kivu walibeba pamoja nayo, bila kukusudia, sarufi nzima ambamo "geuka" ni sehemu moja tu. Wanafunzi wa kompyuta wa Rusizi wanaozisoma mbinu hizi kwa lugha nyingine tayari wanazo "geukeni", "fuatana" na "wageuke". Kazi iliyobaki kwa vyama na mabaraza ya Kiswahili ya kanda hii ni kuziandika katika vitabu vyao.